Ngumi Pungufu

Mahajanga, Jumatatu, 5 Novemba 1973

Nimenunua daftari. Leong ametuambia kila mtu aandike siku ya mazoezi, amefanya nini na amekosea nini. Wenzangu wanaandika Kifaransa. Mimi siwezi. Mdomoni nina Kingazija na Kimalagasi kama watu wote wa bandarini. Kuandika nilifundishwa Unguja, madarasa manne, kabla baba hajanileta Nosy Be. Basi naandika Kiswahili. Leong hawezi kukisoma. Amesema ataangalia kama kurasa zimejaa, basi.

Mimi Athoumani. Kuli. Miaka arobaini na tano. Mke wangu Hasnati amekufa Andoany, kule Nosy Be, huu mwaka wa tatu. Nina mtoto mmoja, Hayrat, msichana wa miaka kumi na tisa. Yuko Andoany, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Anakaa na mama yake mdogo, Sittou.

Leo: kusimama kama mtu aliyepanda farasi. Nimekosea: bega la kushoto liko chini. Magunia ya miaka ishirini.

7 Novemba

Farasi. Mvua ya kwanza.

10 Novemba, Jumamosi

Nitaandika nilivyoingia.

Mwezi wa nane nyapara alinitania mbele ya watu. Alisema mjane analala na gunia. Nilimpiga. Alianguka ndani ya tishali, nikakaa wiki mbili bila kazi. Leong ana duka karibu na geti la bandari, anauza mchele, misumari na mafuta ya taa. Mchina aliyezaliwa Tamatave. Aliona yote. Nilipokwenda kununua sabuni akaniambia, "Mkono wako mzito na hauna akili. Njoo Jumatatu baada ya sala yenu ya alfajiri."

Tunafanya uani nyuma ya duka lake, Jumatatu, Jumatano, Jumamosi, mpaka king'ora cha bandari kilie. Tuko wanne. Chaher, fundi cherehani, mnene, ameingia kwa sababu ya sinema za ngumi za Kichina. Tombo, Msakalava, kuli mwenzangu, hasemi. Soulé, baharia wa matishali, kijana wa miaka ishirini na sita, kwao Katsepy, ng'ambo ya ghuba.

Sheria ya uani: aliyetangulia ndiye mkubwa. Soulé ametangulia kuliko wote. Namwita kaka mkubwa. Mara ya kwanza nilipomwita hivyo Chaher alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka mkubwa ana ndevu ngapi?"

"Tatu," Soulé akasema. "Moja ni ya kwako, nimekuwekea."

14 Novemba

Mateke. Chaher ameniuliza, "Hilo teke, au unatafuta kiatu?"

24 Novemba

Leo nimepanda ngazi ya meli na gunia la saruji na sikuhema. Nyapara ameniangalia. Nilishuka nikapanda tena.

Nalala. Tangu Hasnati afe nilikuwa silali. Sasa nikisali isha nalala kama jiwe mpaka adhana.

Baada ya mazoezi tunakula vitumbua kwa mama mmoja kwenye kona. Chaher anakula vyake na vyangu. Tombo anakula kimoja anaondoka. Mimi na Soulé tunabaki tunazungumza habari za mikono. Anaweka vitumbua mezani kuonyesha miguu ikae wapi. Sijawahi kuzungumza na mtu hivi tangu nikiwa kijana.

28 Novemba

Mvua. Uani matope. Tumefanya hivyo hivyo.

1 Desemba

Leong anatufundisha mchezo wa watu wawili. Mapigo ishirini na nne. Mmoja anapiga, mwingine anapokea na kurudisha, bila kusimama. Mimi na Soulé. Chaher na Tombo.

Amesema mwezi wa tatu atakuja fundi wake kutoka Tananarivo, yule aliyemfundisha yeye, kutuangalia. Atakayefanya yote ishirini na nne bila kosa atafungwa mkanda mwekundu.

Nataka ule mkanda. Sijawahi kupita mtihani wowote. Shule niliacha kabla ya mtihani.

5 Desemba

Mpaka pigo la sita.

12 Desemba

Mpaka la tisa. Soulé anapiga kweli. Kifua changu kina rangi ya buluu. Nilimwambia ahsante. Alisema, "Ukichelewa nitakupiga tena." Ndivyo. Ngumi ikija yote, unajua mahali pa kuweka mkono. Ikija nusu, mkono wako unapita hewani na mwili unaufuata.

15 Desemba

Soulé ameazimwa na meli ndogo ya mwambao, baharia mmoja mgonjwa. Anakwenda Nosy Be, atakaa siku kumi. Nimempa mzigo wa Hayrat, vitambaa vya Idi na kandambili. Nimefanya peke yangu.

29 Desemba

Soulé amerudi. Ameniletea chupa ya achari ya embe kutoka kwa Hayrat. Anasema nyumba ile inavuja upande wa jiko, yeye amepanda juu amebadilisha mabati mawili. Nikamuuliza nani alimwambia apande. Akasema hakuna. Baadaye akasema tena habari za bati. Baadaye akasema Hayrat anajua kusoma upesi. Nilikuwa nakula achari, sikufikiri.

Chaher alifikiri. "Kaka mkubwa amekwenda na kandambili amerudi bila kichwa."

3 Januari 1974

Idi kubwa. Hakuna kazi.

9 Januari

Pigo la kumi na tano. Mvua haikatiki. Maji ya ghuba mekundu kabisa, mto umeleta udongo.

19 Januari, Jumamosi

Jioni wamekuja watu watatu kutoka Katsepy. Mkubwa wao Maoulida, mjomba wa Soulé, mwenye kanzu na bakora. Mimi nilikuwa na shuka tu. Nikavaa shati. Wamekuja kumposa Hayrat kwa ajili ya Soulé.

Nilisema sijui, lazima waulizwe wanawake wa Andoany. Nyumba ni yao, na mume atakwenda kukaa kwao. Maoulida akasema hiyo ndiyo adabu. Wakanywa chai. Soulé hakuja, haikufaa aje.

Walipoondoka nilicheka peke yangu. Nisingeweza kutaka mkwe mzuri kuliko huyu.

2 Februari

Barua ya Sittou. Hayrat amekubali. Nikaha baada ya maulidi.

4 Februari

Soulé amenipa mkono na kuubusu. Ameniita baba. Uani! Leong aliangalia akasema, "Mnafanya nini?" Chaher akamweleza. Leong akakohoa akasema hongera, farasi, dakika kumi.

6 Februari

Soulé anapiga nusu.

9 Februari

Nusu. Anaangalia chini. Mkwe mwenye adabu hamkazii macho baba wa mke wake, najua. Lakini huwezi kupiga mtu huku unaangalia vidole vyake vya miguu. Tumeharibu pigo la nane, la kumi na moja, la kumi na saba.

11 Februari

Nusu tena. Nimemkaripia.

13 Februari

Leo ameniomba. Alisubiri wenzetu waende kwenye vitumbua.

"Baba, tubadilishane. Mimi nifanye na Tombo, wewe na Chaher."

"Hapa hakuna baba. Hapa wewe ndiye kaka mkubwa."

"Hiyo ilikuwa kabla."

"Zimebaki wiki tatu. Chaher anajua upande mmoja tu, upande wangu. Nitafanya na nani?"

Akaangalia chini. Nikamwambia, "Kama umechoka kumpiga mzee, sema." Akasema si hivyo. Akaondoka bila kula.

Naandika nilivyofikiri. Nilifikiri ananidharau. Nilifikiri, amekwishapata msichana, sasa mkanda wangu si kitu kwake.

16 Februari

Mvua kubwa. Bati limeruka kwa jirani.

20 Februari, Jumatano

Ameomba tena, safari hii mbele ya wote. Leong akasema, "Badilisheni."

Nikasema hapana.

Chaher aliacha utani. "Athoumani, mkwe na mkwe hata sahani moja hawali. Nyinyi mnataka kupigana ngumi? Mtachekwa mpaka Moroni."

"Nani ataniona? Ukuta?"

"Mungu anakuona. Na mimi nakuona, na mimi mdomo wangu unaujua."

Nikamwambia Leong, fundi anakuja tarehe tisa, niachie mpaka siku hiyo. Leong alinitazama. Kisha mtu akaita dukani anataka mchele, akaenda. Hakusema ndiyo. Mimi nilichukua kuwa ni ndiyo.

Soulé akasimama mahali pake mbele yangu. Nikamwambia, "Piga."

23 Februari, Jumamosi

Nimempiga Soulé jicho.

24 Februari

Jana sikuweza kuandika zaidi. Leo naandika.

Pigo la kumi na saba liko hivi. Yeye anapiga kifuani kwangu kwa nguvu yote. Nguvu hiyo inamgeuza bega, na bega linakitoa kichwa njiani. Mimi naifagia ngumi yake kwa kushoto, na mkono wangu wa kulia unakwenda mbele, pale uso wake ulipokuwa. Akipiga kweli, uso haupo. Nimefanya mara mia mbili. Haupo.

Jana ulikuwepo.

Ngumi yake ilianza kuja ikafa njiani. Bega halikugeuka. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka. Na mimi nafumba ngumi vibaya, kidole gumba kinatokeza mbele, kwa sababu ya kushika kulabu ya magunia. Leong amenisahihisha kila wiki. Kidole kiliingia.

Hakupiga kelele. Alishika uso akapiga magoti kwenye matope. Alisema, "Samahani, baba." Yeye ndiye aliyeniomba samahani.

Chaher alimfunga kwa kilemba chake. Tombo alimbeba mgongoni mpaka hospitali, anakimbia. Mimi nilikimbia nyuma. Njiani watu waliuliza nani kafanya. Tombo, ambaye hasemi, alisema, "Bahati mbaya." Sikusema kuwa ni mimi.

25 Februari

Sikufanya kazi. Nimekaa mlangoni hospitali. Mama yake Soulé amefika kutoka Katsepy kwa feri. Bi Fatoumia. Mwembamba, mfupi. Amepita mbele yangu kama mimi ni upepo.

27 Februari

Daktari amemwambia Maoulida, Maoulida ameniambia mimi. Jicho la kulia halitaona tena.

Kisha akasema, "Soulé amesema tumwambie mwenyewe binti yako kwamba amemwachia, yuko huru. Anasema mtu wa jicho moja hawezi kuruka kutoka tishali kwenda tishali, na mtu asiye na kazi haendi kukaa katika nyumba ya mwanamke." Maoulida aliongea taratibu. "Na sisi wazee tuna letu. Damu imetoka kati ya mkwe na mkwe hata kabla ya nikaha. Hiyo haijawahi kutokea kwetu."

Nikamwambia, msipeleke mtu. Nitakwenda mimi.

28 Februari

Leong amefunga uani. Nilipita kununua mafuta. Akanipimia, akasema, "Nilisema badilisheni." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nikaenda kuuza mchele." Alisema hivyo mara mbili.

2 Machi

Nimo melini. Bahari mbaya. Wanatapika wote, mimi sitapiki.

4 Machi, Andoany

Nitaandika maneno kama yalivyosemwa.

Nilifika mchana. Hayrat alikuwa barazani anashona kofia. Sikuuliza ya nani. Sittou akaleta maji. Nikasema sikuja kunywa, nikasema yote nikiwa nimesimama. Sikupunguza. Nikasema na kwamba Soulé amemwachia.

Sittou alianza kulia. Hayrat hakulia. Aliuliza:

"Alikuomba mbadilishane?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na wewe?"

"Nilikataa."

"Kwa sababu ya nini?"

"Mkanda."

"Mkanda gani?"

Nikamweleza. Mwekundu, wa kitambaa. Nilipokuwa nasema niliyasikia maneno yangu mwenyewe. Aliniacha niseme mpaka mwisho, halafu akasema, "Angekuomba nini zaidi, baba? Akuandikie?"

Sittou akasema, "Mwanangu, huyo ni baba yako."

"Najua ni nani. Na yule alijua ni nani, ndiyo maana mkono wake ulisimama." Akakata uzi kwa meno. "Soulé haniachii. Nilikubali mtu, sikukubali jicho. Mwambie hivyo, kwa mdomo wako. Kazi ipo hapa, wanataka watu kwenye mashine za mafuta ya maua ya langilangi, kule hakuna kuruka."

Nikasema nitamwambia.

"Na siku ya nikaha," akasema, "wewe ndiye walii. Utakaa mbele yake, utamshika mkono ule wa kulia kwa mkono wako ule wa kulia. Sitaki."

Nikasema, "Hayrat."

"Sitaki, baba. Mpe uwakili mjomba Bourhane. Sheria inaruhusu. Wewe kaa Mahajanga."

Nyumba ile nimeijenga mimi, nguzo kwa nguzo, kwa ajili ya mama yake. Lakini nyumba ni ya mama yake na sasa ni yake, na mimi pale ni mgeni. Nikasema sawa.

Nililala kwa Bourhane, ndugu wa marehemu. Asubuhi nilikwenda makaburini kwa Hasnati. Nyasi zimekuwa ndefu. Nimezing'oa.

9 Machi, Mahajanga

Fundi wa Tananarivo amekuja, uani pamefunguliwa kwa siku moja. Sikwenda. Nilipakua saruji. Chaher na Tombo wamepita wote wawili. Chaher alikuja kwangu jioni, mkanda ameuficha mfukoni, sikujua kuwa anaweza kuficha kitu. Nikamwambia autoe, nikauona. Nikamwambia hongera.

13 Machi

Nimevuka kwenda Katsepy.

Mvua juu ya feri, maji mekundu. Nilichukua mchele na sukari, nikaona ni ujinga, nikabeba hivyo hivyo. Bi Fatoumia alikuwa mlangoni anapasua samaki.

"Umekuja kutazama kazi yako?"

"Nimekuja kuomba radhi, bibie."

"Omba. Masikio ninayo mawili. Macho nayo ninayo mawili, alhamdulillah."

Nikaketi chini pale pale, nje, kwenye mvua. Watu walianza kusimama. Maoulida akaja na bakora yake. Nikasema kwa sauti wote wasikie. Kwamba mtoto wao aliniomba mara mbili na nikakataa. Kwamba yeye alishika adabu na mimi niliivunja. Kwamba nilitaka kusifiwa. Sijawahi kuomba radhi mbele ya watu. Nyapara yule sikumwomba, mpaka leo. Maneno yanatoka kama misumari.

Bi Fatoumia alimaliza samaki yule. Alinawa mikono. "Ingia ndani," akasema, "unalowesha sukari."

Soulé alikuwa kitandani, kitambaa kichwani. Amekonda. Nikampa maneno ya Hayrat yote, hata ya langilangi. Hata ya mkono.

Kisha akasema, "Unajua kwa nini sikupiga?"

"Adabu."

"Hapana. Adabu ilikuwa siku za kwanza. Siku ile nilijisemea, nitampiga, anataka nimpige, basi. Mkono ukatoka kweli. Halafu nikaona nitakavyomwambia Hayrat, leo nimempiga baba yako kifuani. Nikasita. Kidogo hivi." Akaonyesha kwa vidole. "Mimi nimekusamehe siku ile ile, baba. Sijui kama jicho limekusamehe."

"Utamwoa?"

"Amesema haniachii?"

"Amesema."

Akageuza uso ukutani, nikaona mabega yanatikisika. Mama yake alisimama mlangoni akasema, "Usilie, dawa inatoka." Kisha na yeye akalia.

Maoulida akaniuliza, "Na wewe umekubali usiwepo siku ya nikaha?"

"Nimekubali."

Akapiga bakora chini. "Basi wazee hatuna neno."

16 Machi

Kwa kadhi. Nimetia saini karatasi ya kumpa Bourhane uwakili. Karani alinipa wino wa kidole. Nikasema najua kuandika.

30 Machi, Jumamosi

Leong amefungua uani tena. Tombo alikuja kunichukua. Alisimama nje mpaka nikavaa.

Leong aliniweka mbele ya Tombo. Kila ngumi yangu ilisimama kabla ya kufika. Nilijilazimisha, ikasimama. Leong akasema, "Pungufu." Mara kumi na mbili. Mara ya kumi na tatu hakusema.

Sasa najua uzito wake ulivyo, ngumi inayosimama. Ni nzito kuliko ile inayokwenda.

5 Aprili

Maulidi. Nimesoma na watu mpaka mwisho.

10 Aprili

Soulé amepita kwangu kuaga, anakwenda Andoany na mama yake na mjomba. Ana kofia mpya. Tulisimama mlangoni. Nikampa shuka mbili na nyundo, kwa ajili ya bati la jikoni. Akapokea kwa mikono miwili. Hakuniambia njoo. Si yeye wa kuniambia, nyumba si yake. Nikamwambia safari njema.

13 Aprili

Mazoezi. Pungufu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua zimekwisha. Jua kali.

Nikaha ilikuwa leo saa nne asubuhi, Andoany. Nilikuwa ndani ya tishali na Tombo, tunapakia marobota ya nyuzi za rafia. Nilimuuliza nyapara saa. Akasema saa nne kasoro kidogo. Nikafanya kazi. Nilipoona imefika, nikaweka robota chini, nikasimama.

Nilinyoosha mkono wa kulia mbele yangu, kidole gumba nimekikunja ndani. Nikasema maneno ya walii, kwa sauti. Nimekuozesha binti yangu Hayrat, kwa mahari mliyoafikiana. Nilisema mara tatu kama inavyotakiwa. Nikangoja kidogo, muda ambao mtu anahitaji ili ajibu nimekubali.

Nyapara aliinama kutoka juu. "Wewe! Unasema na nani humo?"

"Na mkwe wangu."

Hakucheka. Tombo akashika robota upande wake. Nikashika upande wangu, tukanyanyua.